Ile Hela Itume kwa Namba Hii

Ni nadra kumpata mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kuipokea meseji hii. Inatoka namba usiyoijua, haina salamu, haizidi mistari miwili: ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo, jina litatokea la fulani. Wengi tunaifuta huku tukicheka, na imeshakuwa utani wa vijiweni. Lakini miaka inakwenda, kila mtu anaijua, polisi wameitolea maonyo, na bado inatumwa. Kitu kisicholipa hakidumu hivyo. Inalipa, na ukielewa kwa nini inalipa umeelewa sehemu kubwa ya utapeli wa simu na wa intaneti.

Angalia kwanza isichokisema. Haitaji kiasi. Haisemi hela ya nini, wala nani anayeidai. Yote hayo unayajaza wewe mwenyewe. Sasa tupige hesabu ya kubuni. Tapeli ametuma meseji 1,000 mwishoni mwa mwezi, kazi isiyomgharimu zaidi ya vifurushi vya bei ndogo. Kati ya watu hao, wangapi siku hiyo wana hela ya kumtumia mtu: kodi ya chumba, mchango wa harusi, marejesho ya kikoba, hela ya fundi aliyeishiwa saruji? Tuseme 50, na hapo nimebana. Kati ya hao 50, wengi watapiga simu kuuliza, wengine watatilia shaka ile namba. Mmoja, aliyeahidi asubuhi kumtumia mwenye nyumba shilingi 150,000 na sasa yuko kwenye daladala amesimama mkono mmoja juu, atatuma.

Kwa watu 950 meseji ile ni upuuzi mtupu. Kwa 50 ni jibu la jambo lililokuwa tayari kichwani mwao. Tapeli hawajui hao 50 ni akina nani, na hana haja ya kuwajua. Anachohitaji ni wingi wa meseji na tarehe nzuri: mwisho wa mwezi, au Januari ya ada za shule.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2011 namna akili inavyofanya kazi kwa mwendo wa aina mbili, wa haraka na wa taratibu. Ule wa haraka haungoji ushahidi ukamilike. Unachukua vipande vichache vilivyopo, unavishona viwe habari moja inayoeleweka, kisha unaiamini. Na kadiri vipande vilivyo vichache ndivyo ilivyo rahisi kuvishona, kwa sababu hakuna cha kupingana na kingine. Ndiyo maana meseji fupi isiyo na maelezo ina nguvu kuliko ndefu. Tapeli angetaja kiasi, angekosea. Angetaja kodi, angempoteza mwenye mchango wa harusi.

Kwa hiyo ule msemo wetu wa wajinga ndio waliwao, hapa unapotosha, na nadhani umefanya madhara kuliko tunavyokiri. Unamfanya aliyetapeliwa afiche, na unamfanya ambaye bado aamini kwamba akili zake zinamlinda. Mhasibu aliyechoka saa mbili usiku, mwenye miamala minne ya kutuma, yuko hatarini kuliko bibi wa kijijini asiyedaiwa na mtu.

Upo utapeli wa aina ya pili ambao kweli huchagua watu, nao una kanuni nyingine. Ni zile meseji za kujiunga na Freemason upate utajiri, za mganga anayefungua nyota zilizofungwa, za mjane wa jenerali mwenye mamilioni ya dola benki. Hizi ni za ajabu mno, mara nyingi zimeandikwa vibaya, na mtu hujiuliza kwa nini matapeli hawajitahidi zaidi. Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa kampuni ya Microsoft alilichambua swali hilo kwa hisabati. Aliangalia barua pepe za aina hiyo zinazokiri waziwazi kutoka Nigeria, nchi ambayo jina lake tayari limehusishwa na utapeli huo duniani kote. Hoja yake ni kwamba upuuzi ule ni chekecheke. Kutuma barua ni bure, lakini kuzungumza na mtu wiki tatu mpaka atoe hela ni kazi, na mtu mwenye shaka akijibu kisha akastuka katikati, kazi yote imepotea. Basi ni afadhali wenye shaka waondoke tangu sentensi ya kwanza. Anayejibu tangazo la Freemason ameshajichuja mwenyewe.

Halafu kuna simu. Hapa mtaalamu ni yule anayepiga, na inafaa kumsikiliza kwa karibu.

"Shikamoo mama. Unaongea na kijana wako kutoka huduma kwa wateja, makao makuu. Mama, laini yako inaonyesha usajili haujakamilika, itafungwa saa sita mchana. Upo karibu na simu nyingine? Hapana, usikate, tunamaliza sasa hivi."

Shikamoo imefanya kazi yake: mama ameshaitika marahaba, na si rahisi kumfokea kijana aliyekuamkia. Makao makuu nayo yamefanya yao. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha mwaka 1984 kitabu maarufu kuhusu ushawishi, aliweka mamlaka na uhaba miongoni mwa vitu vinavyotufanya tukubali bila kupima. Saa sita mchana ni uhaba wa muda. Sasa kijana anamwongoza mama kwenye menyu ya kutuma pesa, ile ya kubonyeza nyota na reli, hatua kwa hatua. "Hapo weka namba ya kumbukumbu ya usajili," na anamtajia tarakimu kumi. Ni namba ya simu ya mshirika wake. "Sasa weka msimbo wa uhakiki, nne nane tano, sifuri, sifuri, sifuri." Ni shilingi 485,000. "Malizia na namba yako ya siri, usinitajie mimi, mama, hiyo ni siri yako." Tapeli anayekukataza kumtajia namba ya siri anaaminika kuliko afisa wa benki.

Teknolojia yenyewe inamsaidia. Menyu zile hutembea kwenye mfumo uitwao USSD, ambao kila ukurasa wake hauwezi kubeba zaidi ya herufi 182, hauhifadhiwi kama meseji, na hujifunga ukichelewa kujibu. Huwezi kurudi nyuma kusoma ulichoandika. Mtu anasikiliza maelekezo kwa sikio moja, anatoa simu sikioni ili abonyeze, anairudisha, huku skrini ikitishia kufunga. Nafasi ya ubongo ya kushikilia mambo kwa muda mfupi ni ndogo kwetu sote, na hapo imejaa. Kinga yake haina ufundi wowote: kata simu. Kwa Tanzania, kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100 tu. Kenya, Safaricom hupiga kwa 0722 000 000. Anayepiga kwa namba ya kawaida akisema ni makao makuu, hata kama anajua jina lako lote, si wao. Jina lako lote huenda alilipata kwa kujaribu kukutumia hela na kusoma jina lililotokea kabla ya kuthibitisha.

Jina hilo linalotokea liliwekwa kuwa kinga. Kenya lilianza mwaka 2015 kwa huduma ya Hakikisha. Lakini rudi kwenye meseji yetu uone ilivyolizunguka: imeshakwambia jina litatokea la fulani, kwa hiyo likitokea, badala ya kukustua linakuthibitishia. Na fulani huyo yupo kweli, ana kitambulisho na alama za vidole, ila pengine hajui kama ana laini hiyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, na zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Ulipunguza laini zisizo na mwenyewe, na ukazaa biashara ya laini za watu wengine. Mbinu inajulikana: kijana anayesajili laini chini ya mwavuli barabarani anakushika kidole, anakwambia mashine haijasoma, weka tena, weka na cha pili. Umeondoka na laini moja, yeye amebaki na nyingine kwa jina lako.

Meseji za uongo za "umepokea pesa" nazipitia haraka, maana dawa yake ni moja: angalia salio, usiangalie meseji. Mtu anayekupigia akilia kwamba amekosea kutuma, arudishiwe, mwambie apigie mtandao wake, wao ndio wenye utaratibu wa kurudisha muamala. Ila kuna jambo moja watu hawalijui. Mfumo wa meseji ulibuniwa miaka ya 1980, na ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Wabunifu hawakuweka njia ya simu yako kuhakiki jina la mtumaji. Mahali pa namba panaweza kuwekwa maneno, na simu yako, ikiona jina lilelile la benki, itaipanga meseji ya tapeli chini ya meseji halali za benki, katika mazungumzo yaleyale.

Kiungo kilichomo ndani ya meseji hiyo kisome kutoka kulia. Mwenye anwani anatambulika kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://, hata kama mwanzo umejaa jina la benki yako. Anwani inayoanza na benkiyako.co.tz na kuishia na hakiki-sasa.xyz ni ya hakiki-sasa. Na ile kufuli ndogo pembeni haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Inasema tu kwamba njiani hakuna anayesoma mnachoandikiana. Tapeli naye anaweza kuipata bila kulipia.

Sauti nazo haziaminiki tena. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu inayoiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde tatu tu. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, tawi la Hong Kong, alihamisha takriban dola milioni 25 baada ya kuingia kikao cha video ambamo wakubwa wake walikuwa wa bandia. Kwetu familia hazina milioni 25, zina sauti ya mtoto aliyeko chuoni anayesema amepata ajali. Piga ile namba yake uliyonayo siku zote. Isipopatikana, mpigie anayeishi naye. Vivyo hivyo rafiki akikuomba WhatsApp umtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya": hizo ni za kuhamisha akaunti yako, na anayeziomba ameshaiteka ya rafiki yako. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna uhakiki wa hatua mbili, unaoongeza namba ya siri ya kwako mwenyewe. Iweke leo, ni kazi ya dakika moja.

Kuna upande wa biashara hii unaoharibu hasira yangu. Yule mrembo au kijana wa uwekezaji anayekuchangamkia miezi miwili mtandaoni, akikuonyesha faida inayopanda, huenda yeye mwenyewe ni mateka. Agosti 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia, walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wakenya na Waganda wamo miongoni mwa waliookolewa. Waliitikia matangazo ya kazi nzuri Thailand, mara nyingi ya huduma kwa wateja, wakavushwa mpakani usiku na kunyang'anywa pasipoti. Tangazo la kazi lilikuwa utapeli wa kwanza. Wa pili walilazimishwa kuufanya wao.

Ukishatuma hela, kinachobaki ni muda. Mpokeaji huitoa kwa wakala au kuihamishia laini nyingine ndani ya dakika chache. Usianze kubishana na tapeli wala kumtumia meseji za laana. Piga 100 hapohapo, omba salio la mpokeaji lizuiwe, kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, kwa sababu mtandao utaihitaji. Namba yenyewe iripoti kwa 15040. Kenya unaituma meseji ya tapeli kwenda 333, na muamala uliokosewa kwenda 456. Na hata kama hujawahi kuibiwa shilingi, bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho hicho kwenye duka la mtandao husika waifute.