Ribiti ya Shaba na Mkono wa Kiondo: Kazi Ndogo Yenye Amana Kubwa



Kiondo ni chombo kisichokosekana katika nyumba zetu za Pwani. Twaenda nacho sokoni, twakitilia nguo za mtoto tuendapo safari, na bibi harusi hupewa kimoja chema miongoni mwa vyombo vyake. Wengi wetu twajua kuwa viondo hivi hutoka Ukambani, katika kaunti za Kitui, Makueni na Machakos. Lakini ni wachache waliowahi kukigeuza kiondo na kutazama pale mshipi wa ngozi unaposhikana na msuko wa katani.

Sisi tulikumbushwa kutazama siku mmoja wetu alipokatikiwa na mkono wa kiondo akishuka matatu, unga na mayai vikamwagika barabarani. Ngozi ilikuwa nzima na katani ilikuwa nzima. Kilichotoka ni kijisumari kimoja kisichozidi ukucha. Kwa juu kilimeremeta kama shaba, lakini ndani kilikuwa chuma kilicholiwa na kutu.

Kijisumari hicho ndicho kiitwacho ribiti. Ribiti ya kweli ya mafundi wa ngozi huwa ni ya shaba nyekundu. Ina kichwa bapa na mguu, na huja pamoja na kijiduara chenye tundu, yaani washa, kinachovishwa upande wa pili. Mafundi walichagua shaba kwa sababu mbili. Kwanza, haishiki kutu kama chuma. Hata ikipigwa na jasho na hewa ya chumvi hufanya ukoga wa kijani juu yake tu, na ndani hubaki imara. Pili, ni laini, hivyo hukubali kupigwa nyundo ikafuata umbo linalotakiwa bila kupasuka. Mwaka 1873 fundi cherehani wa Marekani aitwaye Jacob Davis, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipata hataza ya kutia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko ya suruali za vibarua, pale ambapo uzi peke yake ulikuwa ukishindwa.

Shaba si ngeni Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremka hadi Mombasa ikileta pembe za ndovu, ikarudi bara na nguo, ushanga na nyaya za shaba. Mafundi wao walizifua nyaya hizo wakafanya mikufu myembamba, na wakazipigilia juu ya vigoda vya wazee kwa mapambo yanayosifiwa hadi leo. Kwa hiyo shaba ya Ukambani na bandari yetu ni jamaa wa zamani.

Msuko wa kiondo ni kazi ya akina mama. Zamani walitumia nyuzi za magome ya mbuyu na ya vichaka; siku hizi wengi hutumia katani. Mama husokota uzi kwa kiganja juu ya paja, na kiondo kimoja humchukua siku nyingi, huku akichunga, akipika na kulea. Lakini mara nyingi kiondo humtoka mikononi kikiwa hakina mkono. Mnunuzi hukipeleka mjini kwa fundi wa ngozi, mshipi na ribiti zikatiwa kwa muda mfupi, na bei ikapanda. Hivyo aliyefanya kazi ya siku nyingi huachwa na fungu dogo, na kazi ya mwisho, iliyo fupi, ndiyo ipandishayo bei. Tofauti ni ujuzi mmoja tu, nao si mgumu kujifunza.

Vyombo vyake ni vichache: nyundo yenye upande wa mviringo, chuma cha kutobolea, maharazi, koleo la kukatia, kipande kizito cha chuma cha kufanya fuawe, na kibanio cha chuma chenye tundu moja refu na kishimo kimoja kifupi. Kwanza hutobolewa ngozi, tundu likawa kiasi cha mguu wa ribiti, lisiwe kubwa zaidi. Katani haikatwi; nyuzi zake hutengwa kwa maharazi ili msuko usifumuke. Kwa ndani huwekwa kipande cha ngozi, kwa maana washa ikikaa juu ya katani tupu, uzito utaivuta ipenye. Hili ndilo kosa tuonalo katika viondo vingi vya bei rahisi.

Kisha ribiti hupitishwa kutoka nje, kichwa chake kikalazwa juu ya fuawe. Washa huvishwa mguuni na kushindiliwa kwa lile tundu refu la kibanio mpaka ngozi zibanane bila kusazwa nafasi. Mguu uliozidi hukatwa, ukaachwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 juu ya washa. Hapo fundi hufunika macho au hugeuza uso, kwani kipande kikatwacho huruka. Ndipo apige nyundo kwa upole, akizunguka ukingo wa mguu, mpaka utanuke kama uyoga na kuishika washa. Mwisho hutiwa kile kishimo kifupi juu yake na kupigwa, kikawa kidonge laini kisichokwaruza mkono wala nguo. Asiye na subira hupiga kwa nguvu mara moja, mguu ukapinda ndani ya ngozi asikokuona mtu. Shaba ikipigwa sana huwa ngumu. Ikipashwa moto mpaka iwe nyekundu, hata ikitiwa majini papo hapo, hurudia ulaini wake.

Wako wanaouliza: ngozi ya mbuzi wa Kitui au Makueni, ambako wengi si Waislamu, yafaa kwetu? Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alimkuta kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka kwa mwanamke aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (R.A.), akauliza mbona hawakuinufaikia ngozi yake. Walipomwambia ni nyamafu, aliwabainishia kuwa lililoharamishwa ni kumla. Katika madhehebu yetu ya Shafi, dabagha, yaani kuitengeneza ngozi mpaka iondokewe na unyevu na uozo, huitohorisha ngozi ya kila mnyama isipokuwa mbwa na nguruwe. Tahadhari iliyopo ni kwa ngozi ya nyamafu iliyoachwa na manyoya yake, kwani kwa kauli mashuhuri ya madhehebu manyoya hayatohariki kwa dabagha. Mwenye shaka na awaulize mashekhe wake.

Tena kazi hii ina heshima kubwa kwa mwanamke. Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.), mke wa Mtume (S.A.W.), alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake. Wanachuoni wametaja kuwa alitengeneza ngozi na kuishona, na alichokipata alikitoa sadaka. Basi asione haya binti yetu kushika nyundo na maharazi. Mama wa Pwani ajuaye kutia ribiti aweza kununua viondo visivyo na mikono kutoka kwa wasusi wenyewe, kwa bei ya haki, akavimaliza nyumbani kwake. Na dada zetu wa Kitui na Makueni wakiwa na ujuzi huo huo, fungu lililokuwa likienda mjini litabaki kwao.

Lakini sharti la kazi ni amana. Ribiti ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba ni rahisi, na mnunuzi hajui. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji uliofichwa chini, akamkataza muuzaji na kubainisha kuwa mdanganyifu si katika sisi. Ribiti ya uwongo ni umaji ule ule uliofichwa. Mnunuzi naye ana njia ya kujilinda: achukue sumaku ndogo aisogeze kwenye ribiti. Sumaku haishiki shaba. Ikinasa, ndani mna chuma. Kisha aingize mkono ndani ya kiondo apapase kama pana ngozi chini ya washa.

Yule mwenzetu hakukitupa kiondo chake. Kilitiwa ribiti nne za shaba na vipande viwili vya ngozi kwa ndani, na sasa kinabeba unga kama zamani. Mama aliyekisuka hatumjui, lakini kazi yake ya siku nyingi haikupotea kwa sababu ya kijisumari kimoja. Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu na kuturuzuku ya halali. Amin.