Sumaku na Magoti ya Sekenke

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua sumaku kwa kuitumia. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake hutoka umechanganyika na chembe za chuma zilizomeguka kwenye mashine, pamoja na mchanga mweusi wa mwamba wenyewe. Sumaku ikipitishwa juu ya unga huo, chuma hunata na dhahabu hubaki. Kazi hiyo inafanyika mbele ya macho ya mwenye mali, haina longolongo. Kwa hiyo mchuuzi anapopanda basi au kutandika bidhaa zake mnadani, akainua bangili ya sumaku na kusema inavuta maumivu kwenye viungo, anaanza na mtaji mkubwa: wasikilizaji wameshaona sumaku ikivuta.

Naichukua Sekenke kuwa mahali pa kulijadili jambo hili kwa sababu magoti na viuno vya watu wa huko vina historia ndefu ya kuumia. Ukiteremka mlima wa Iramba, mkoani Singida, kutoka Misigiri kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, uko katika ukanda uliochimbwa dhahabu tangu enzi za Mjerumani. Mgodi wa Sekenke ulianza kuzalisha mwaka 1909. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita, dhahabu ya huko ilifuliwa Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo watoza sarafu duniani wanazigombania. Siku hizi wanaochimba ni wachimbaji wadogo. Wanaume hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakiwa na moko na tindo, hupiga magoti ndani ya njia nyembamba na kupandisha viroba vya mawe. Wanawake huketi juani kutwa nzima wakiponda mawe, miguu imekunjwa, mgongo umeinama.

Kazi ya namna hiyo hula viungo. Mwaka 2009 Uingereza iliitambua osteoathritisi ya goti kuwa ugonjwa wa kazini kwa wachimbaji wa makaa ya mawe, wakapata haki ya kudai fidia. Osteoathritisi ni ule ugonjwa ambao gegedu, yaani utando laini unaozifanya ncha za mifupa ziteleze, hulika polepole, mfupa ulio chini yake ukabadilika na kiungo kikakakamaa. Ndiyo aina ya baridi yabisi iliyoenea kuliko zote, na hakuna dawa inayolirudisha gegedu lililokwisha. Mtu aliyeambiwa hivyo zahanati, akapewa vidonge vya siku tano na kuambiwa ni umri, akarudi duarani kesho yake, ana haki ya kutafuta msaada mwingine. Simlaumu anayenunua bangili. Ninachotaka kukipima ni bangili yenyewe.

Hoja ya wauzaji ni kwamba damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, basi sumaku ikikaa karibu na kiungo huvuta damu ije kukilisha. Sehemu ya kwanza ni kweli. Hemoglobini, kile kinachoipa damu wekundu, ina chuma ndani yake. Lakini atomu hizo za chuma zimefungwa moja moja ndani ya molekuli kubwa, na hazina tabia ya msumari wala ya unga wa karasha. Mwaka 1936 wanasayansi wa Marekani Linus Pauling na Charles Coryell waliipima damu, wakakuta kwamba ile iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku hata kidogo, bali husukumwa mbali kwa nguvu ndogo mno. Yeyote mwenye shaka na aguse tone la damu kwa sumaku yake ya kusafishia unga aone kama litanata.

Ushahidi mwingine uko hospitali kubwa. Kipimo cha MRI humlaza mgonjwa ndani ya sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, mara nyingi zaidi ya bangili yoyote inayouzwa mnadani. Kama sumaku ingevuta damu, hakuna ambaye angetoka mle salama. Na kama ingetibu viungo, wote waliowahi kupimwa goti kwa MRI wangetoka wamepona. Bangili nayo ni dhaifu, na nguvu yake hufifia haraka kadiri unavyoondoka kwenye chuma chake. Ikivaliwa mkononi, haiwezi kuligusa goti.

Hata hivyo, kutojulikana kwa njia ambayo dawa inafanya kazi hakutoshi kuikataa. Watu walitafuna magome ya mti wa mwinamia maji kupunguza homa na maumivu karne nyingi kabla mtu hajajua ndani yake mna nini, na kutokana na elimu hiyo ikapatikana aspirini. Mvaaji wa bangili anaweza kunijibu: hayo ya hemoglobini ni yenu, mimi goti langu limepoa. Jibu lake ni zito, wala halijibiwi kwa nadharia. Linajibiwa kwa kufanya kile anachokifanya mchimbaji kabla hajamwaga fedha kwenye mwamba mpya: kuchukua sampo na kuipima, tena kwa namna ambayo matamanio yake mwenyewe hayatageuza matokeo.

Jaribio la kwanza la namna hiyo ninalolijua kwa maumivu ya viungo lina zaidi ya miaka 200. Daktari wa Marekani, Elisha Perkins, alipata hataza mwaka 1796 ya vijiti viwili vya chuma alivyodai huvuta maumivu mwilini vikipitishwa juu ya ngozi. Vikauzwa ghali, vikavuka bahari hadi Uingereza. Mwaka 1799, katika mji wa Bath, daktari John Haygarth alitengeneza vijiti vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vile vya Perkins, akavitumia kwa wagonjwa watano wenye maumivu sugu ya viungo. Wanne kati yao walisema wamepata nafuu. Kesho yake vikatumika vijiti vya kweli, na matokeo yakawa yale yale. Haygarth hakuwaita wagonjwa wale waongo. Alisema nafuu waliipata kweli, ila haikutoka kwenye chuma.

Majaribio ya sumaku ya siku zetu ni watoto wa jaribio lile. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watu 194 wenye osteoathritisi ya goti au nyonga. Kwa wiki 12 baadhi walivaa bangili zenye sumaku kamili, wengine zenye sumaku hafifu, wengine zisizo na sumaku kabisa. Waliovaa sumaku kamili walipungukiwa na maumivu kidogo zaidi ya waliovaa bandia. Wauzaji wanaupenda utafiti huu, na kama nisingeutaja ningekuwa namficha msomaji. Lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba hawakuweza kuwa na hakika kama tofauti ile ilitokana na sumaku au na imani. Ugumu wenyewe ni rahisi kuuelewa: anayevaa sumaku huijua. Inanasa funguo, inanasa kijiko. Sekenke siri hiyo isingedumu hata asubuhi moja.

Miaka iliyofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha York walikuja na mpango mkali zaidi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, wagonjwa 70 wenye rumatoidi athritisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, walivaa kila mmoja vifaa vinne kwa zamu, kila kimoja wiki tano: mkanda wenye sumaku kamili, wenye sumaku iliyopunguzwa, usio na sumaku, na bangili ya shaba. Hivyo kila mtu alilinganishwa na nafsi yake. Maumivu, uvimbe, uwezo wa kufanya kazi na vipimo vya damu havikuonyesha tofauti ya maana. Utafiti wao wa awali wa mwaka 2009, kwa watu 45 wenye osteoathritisi, ulikuwa umefikia jibu hilo hilo. Wapo wazee wa Kinyiramba na Kisukuma wanaovaa bangili za shaba, kwa urembo, kwa heshima au kwa sababu za ukoo, na hizo ni sababu zinazojitosheleza. Kwa baridi yabisi, shaba haikusaidia.

Nitofautishe hapa bangili na mashine za hospitali zinazotoa mapigo ya umeme na sumaku. Mapitio ya mwaka 2013 ya shirika la Cochrane, yaliyojumuisha tafiti tisa na watu 636, yaliona huenda mashine hizo zinapunguza maumivu ya osteoathritisi kwa kiasi, yakataka utafiti zaidi. Hizo ni mashine zinazotumia umeme, zenye mpangilio wa mapigo. Mchuuzi anayeazima jina lao kuuzia soli za viatu zenye vipande vya sumaku anauza kitu kingine.

Sasa, kwa nini goti hupoa? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo watu wenye akili timamu wanapopotoka bila kosa lao. Maumivu ya viungo hayakai kiwango kimoja. Hupanda na kushuka, wiki hii huwezi kuchuchumaa, wiki ijayo unatembea hadi Shelui. Mtu hanunui bangili siku goti limetulia. Huinunua siku limefika kileleni, na kutoka kileleni njia iliyobaki mara nyingi ni ya kushuka, hata asingevaa kitu. Siku ile ile aliyonunua huwa pia ameacha kuponda mawe, amekanda kwa maji ya moto, amemeza kidonge, mwanawe amembebea ndoo. Yote hayo yanasahaulika. Inayokumbukwa ni bangili, kwa sababu ndiyo ngeni na ndiyo iliyolipiwa. Maumivu yakirudi ataambiwa sumaku imechoka, anunue nyingine.

Juu ya hayo kuna nguvu ya kutarajia. Ubongo hushiriki kupima ukubwa wa maumivu, na ukiahidiwa nafuu hulegeza. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 180 wenye osteoathritisi ya goti. Baadhi walifanyiwa upasuaji wa kusafisha kiungo, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa. Makundi yote yaliendelea sawasawa, maumivu na mwendo, kwa miaka miwili. Kwa hiyo si wachuuzi pekee waliowahi kuuza nafuu isiyotoka kwenye bidhaa yao. Na nafuu ya kutarajia haidharauliki. Usiku mmoja wa usingizi kwa mtu aliyekesha na goti ni kitu kikubwa. Ila haizuii gegedu kulika, wala haitambui ugonjwa uliojificha.

Sumaku angalau haiusumbui mwili wa mvaaji, isipokuwa aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, ambaye asiisogeze kifuani. Ninaziogopa zaidi dawa za miti zinazopoza viungo vyote kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama mitishamba ya viungo, baada ya kukuta ndani yake dawa za hospitali, diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Deksamethasoni hupoza kweli kweli, lakini ikitumika muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, hufungulia mlango maambukizi, na kuiacha ghafla kunaweza kuua. Unga usio na jina unaofanya miujiza unastahili kuulizwa una nini ndani yake kabla ya kusifiwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama tabibu na dawa vimesajiliwa.

Si kila kitu cha asili ni hewa. Krimu yenye ukali wa pilipili imepimwa na hupunguza maumivu ya goti kwa baadhi ya watu. Lakini kinachoongoza kwa ushahidi ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi. Kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Najua jinsi ushauri wa mazoezi unavyosikika kwa mama aliyeponda mawe tangu alfajiri. Hata hivyo kuponda mawe umekaa hakuimarishi paja, kunalikunja goti tu kwa saa nyingi. Kunyanyuka kwenye kiti na kukaa tena polepole, mara kadhaa asubuhi na jioni, kunajenga msuli unaolishika goti. Kiti kirefu badala ya kuchuchumaa, kipande cha godoro chini ya magoti duarani, fimbo kwenye mkono ulio upande wa mguu mzima: vitu hivi vinagharimu kidogo kuliko bangili, na viongozi wa maduara wangeweza kuvifanya kanuni ya kazi.

Kabla ya hayo yote, ugonjwa ujulikane. Katika nchi ya wafugaji kama Singida, viungo vinavyouma pamoja na homa ya kuja na kuondoka na jasho la usiku vinaweza kuwa bruselosi kutoka kwenye maziwa mabichi, na hiyo inatibika kwa antibiotiki. Dole gumba la mguu linalowaka ghafla usiku linaweza kuwa jongo. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi vinaweza kuwa rumatoidi, ambayo ikitibiwa mapema huzuiwa isipindishe mikono. Mtoto anayelia na viungo apimwe selimundu. Na mwenye kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, huku ana homa, huenda kiungo hicho kina usaha ndani yake, na usaha unaweza kukiharibu kiungo kwa siku chache. Huyo asingoje mnada ujao. Apelekwe hospitali ya wilaya Kiomboi siku hiyo hiyo.