Je, Wajua? Mwili Haunyooki Bila Idhini ya Neva

Je, wajua kwamba ukijinyoosha kwa wiki chache hadi ukagusa vidole vya miguu, huenda misuli yako haijarefuka? Kilichobadilika zaidi ni neva: zimezoea kuvutwa, zinachelewa kulalamika.

Ndani ya misuli mna vihisio vinavyopima urefu wake. Ukiuvuta msuli ghafla, habari hukimbilia uti wa mgongo na msuli hujikaza kabla hujafikiri. Daktari anayekugonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu ukaruka, anapima jambo hilohilo. Basi, usijinyooshe kwa kujirusharusha: nenda polepole, pumua, tulia.

Unyumbufu na wepesi wa kiungo ni mambo mawili. Lala chali, mwenzio akuinulie mguu ulionyooka hadi mwisho. Huo ni unyumbufu. Kisha uinue mwenyewe: huo ndio wepesi wa kiungo. Karibu kila mtu huishia chini zaidi, na pengo hilo huzibwa kwa nguvu za misuli. Hapa ndipo wengi hupoteza jasho bure, wakizidi kujivuta badala ya kujiimarisha.

Bega ndilo kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote. Tundu lake halina kina, ndiyo maana pia huteguka kwa urahisi.

Gegedu ya goti la mtu mzima haina mishipa ya damu. Hulishwa hasa na ute wa kiungo, nao husukumwa na mwendo.

Mlio wa kualisha vidole hutokana na gesi iliyo ndani ya ute huo, wala si mifupa kusagana. Daktari Donald Unger wa California alialisha vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka 60; hakuna mkono uliopata baridi yabisi. Ni mtu mmoja tu, lakini subira yake ni ya kuheshimiwa.

Utafiti wa mwaka 2000 kwa makuruta 1,538 wa jeshi la Australia haukuona kwamba kujinyoosha kabla ya mazoezi kulipunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Na ukishikilia mkao mmoja kupita sekunde 60, nguvu za msuli hupungua kidogo kwa muda. Kabla ya mechi, heri kubembeza miguu na kukimbia taratibu.

Wapo ambao viwiko na magoti yao hupinda kupita kiasi tangu utotoni. Madaktari huwapima kwa kipimo cha Beighton, chenye alama 9. Hao wanahitaji zaidi mazoezi ya nguvu kuliko kujinyoosha.