DGI ikifikisha 100% ya lengo lake, tujue nini?

Kila mwisho wa mwaka habari ya namna moja inatoka Kinshasa: DGI imefikisha asilimia fulani ya lengo lake. Kama asilimia inapita 100, wakubwa wanapongezana. Kama iko chini, maelezo yanakuwa mengi. Huku kwetu mashariki, mufanyabiashara wa Beni, Bunia ao Kindu anajiuliza lingine: hiyo asilimia inapimwa namna gani? Na kwa nini inspekta anaonekana dukani zaidi wakati mwaka unakaribia kuisha?

Maulizo hayo mawili yanakwenda pamoja. Namna leta inapima kazi ya ofisi ya kodi ndiyo inaamua namna ofisi hiyo itamufikia mulipaji.

Nani analipisha nini

Feza za serikali kuu zinakusanywa na ofisi kubwa tatu, zile zinaitwa régies financières. DGDA iko na kazi ya duane: bidhaa zinazopita Kasindi ao Mahagi, hiyo ni kazi yake, pamoja na TVA ya vitu vinavyoingizwa kutoka inje. DGRAD inalipisha huduma na haki mbalimbali za leta, kama pasporti na faini za tribinali. DGI ndiyo ya kodi zenyewe: kodi juu ya faida ya makampuni, kodi inayokatwa kwenye mushahara, na TVA ya biashara ya ndani ya inchi. DGI iliundwa Machi 2003. TVA ya 16% ilianza tarehe 1 Januari 2012.

Kodi ya nyumba na udongo, kodi juu ya feza za kupangisha nyumba, na vinyeti ya gari si za DGI. Katiba ya 2006 iliziweka katika mamlaka ya majimbo, na kila jimbo liko na ofisi yake ya kuzilipisha. Watu wengi wanachanganya, na mutu akichanganya ni rahisi kulipishwa mara mbili.

Lengo linatoka wapi

Lengo la mwaka, ambalo maofisa wanaita assignation, haliandikwi na DGI peke yake. Wizara ya Bajeti na ya Feza wanakaa na régies, wanaangalia mwaka uliopita, bei ya madini, bei ya dola, na mahitaji ya serikali. Kisha serikali inapeleka mupango wa bajeti bungeni. Katiba, kifungu cha 126, inasema hiyo inafanyika si zaidi ya tarehe 15 Septemba. Wabunge wanajadili, na mara nyingi wanaongeza namba ili matumizi waliyoomba yapate feza. Sheria ikisainiwa, lengo linakuwa deni la DGI.

Hapo namba kubwa inaanza kukatwa vipande. Inagawanywa kwa miezi 12, kisha kwa ofisi inayoshugulikia makampuni makubwa, kisha kwa direksio ya kila jimbo, halafu kwa kila santa ya kodi. Mwisho inafika kwa mukubwa wa ofisi ndogo na wainspekta wake. Katika miaka hii Wizara ya Feza imesainisha pia wakuu wa régies mikataba ya kazi, contrats de performance, ambamo wanaahidi matokeo fulani.

Maajenti nao wako na faida ndani yake. Mbali na mushahara, kunakuwa prime zinazofuata mapato, na sehemu ya penalite inarudi kwa ofisi iliyozilipisha. Nia ni kuwapa moyo wa kazi. Lakini kama ajenti anapimwa kwa feza tu, atatafuta feza pale zinapopatikana haraka.

Kwa nini asilimia inaweza kudanganya

Tuchukue mambo manne.

La kwanza ni bei ya shaba na kobalti. Mwaka 2021 bei ya shaba ilipanda sana duniani. Makampuni ya madini ya Katanga yakapata faida kubwa, na mwaka 2022, wakati wa kulipa kodi ya faida hiyo, DGI ilikusanya feza zilizopita matazamio. Feza hizo zilikuwa za kweli. Ila soko la dunia ndilo lilifanya sehemu kubwa ya kazi. Bei ikianguka, ofisi ileile, yenye watu walewale wanaofanya kazi ileile, itaonekana imeshindwa.

La pili ni dola. Lengo linaandikwa kwa franka. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa inabadilishwa karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa karibu 2,700. Tuseme santa moja ilikusanya milioni 100 za franka wakati dola iko 2,000: hiyo ni dola 50,000. Mwaka unaofuata ikusanye milioni 130 wakati dola iko 2,600: ni dola 50,000 zilezile. Kwenye karatasi mapato yamepanda kwa 30%. Lakini leta ikitaka kununua dawa ao mashini kutoka inje, haina kitu cha zaidi mukononi.

La tatu ni TVA ya kurudisha. TVA inapaswa kulipwa na mununuzi wa mwisho. Kampuni inayouza bidhaa inje ya inchi iko na haki ya kurudishiwa TVA iliyolipa kwa kununua vifaa. Kwa miaka mingi leta ilichelewa kurudisha, na deni kwa makampuni ya madini likarundikana mpaka kufika mamia ya milioni za dola. Sasa, kama ofisi inahesabu yale iliyopokea tu, bila kutoa yale inayopaswa kurudisha, kuchelewesha deni kunaonekana kama ushindi.

La ine linagusa wadogo moja kwa moja. Tuseme santa ya muji fulani inajua walipaji 400. Mwaka unaofuata inapewa lengo lililopanda kwa 30%. Njia ziko mbili. Njia moja ni kutafuta wengine ambao hawajaandikwa, kuwaelimisha, kuwapa namba ya kodi, kuwafuata polepole. Kazi hiyo inachukua mwaka ao miwili mbele ya kuzaa. Njia ingine ni kurudi kwa wale 400 wanaojulikana, kufungua upya hesabu zao, kuandika penalite. Hiyo inaleta feza mbele ya tarehe 31 Desemba. Kama kipimo ni feza peke yake, na wakati ni mufupi, si vigumu kujua njia gani itachaguliwa. Anayelipa ndiye anarudiwa, na asiyejulikana anaendelea kukaa kimya.

Vipimo vingine viko

Si kwamba hakuna namna ingine ya kupima. Shirika la feza la kimataifa FMI, Banki ya Dunia na washirika wengine walitengeneza kipimo kinachoitwa TADAT, kinachotumiwa katika inchi nyingi. Kinaangalia mambo 9, na kiasi cha feza zilizokusanywa hakimo kati yake.

Kinauliza kama daftari la walipaji ni sahihi: hakuna wafu, hakuna makampuni yaliyofungwa zamani, na walio hai wameandikwa. Kinauliza kama ofisi inajua hatari iko wapi, na kama inasaidia watu kulipa kwa hiari yao. Kinapima ni walipaji wangapi wanatoa deklarasio kwa wakati, wangapi wanalipa kwa wakati, na kama wanachoandika ni kweli. Kinaangalia kama malalamiko yanajibiwa kwa haki na haraka, kama hesabu za mapato zinashikwa vizuri na TVA inarudishwa, na mwisho kama ofisi yenyewe inatoa hesabu mbele ya watu.

Vipimo hivi viko na faida moja kubwa: mukubwa wa santa anaweza kuvibadilisha kwa kazi yake. Hawezi kupandisha bei ya shaba. Lakini anaweza kufanya deklarasio zinazofika mbele ya tarehe 15 ya mwezi, tarehe ya TVA, zipande kutoka nusu ya walipaji hadi robo tatu. Anaweza kuhakikisha barua ya mulipaji haikai miezi kwenye meza bila jibu.

Lengo la feza halipaswi kutupwa. Leta haiwezi kupanga mishahara ya walimu na waaskari bila kujua itapokea ngapi. Lakini lengo hilo linasaidia kupanga matumizi, na kipimo cha kazi ni jambo lingine. Vyote viwili vinahitajika, kila kimoja mahali pake.

Mashariki: lengo na vita

Kwetu jambo hili limekuwa zito zaidi. Bajeti ya 2025 ilitayarishwa na kupigiwa kura mwaka 2024, wakati Goma na Bukavu bado zilihesabiwa kati ya miji inayolipa Kinshasa. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikapita mikononi mwa AFC/M23, na Februari Bukavu ikafuata. Mabanki ya Goma yakafunga milango, na feza za huko hazikuingia tena katika sanduku la Kinshasa. Katikati ya mwaka Bunge likapaswa kupitisha bajeti iliyorekebishwa.

Lengo linapopoteza miji miwili mikubwa namna hiyo, serikali iko na njia mbili: kupunguza namba, ao kuhamisha uzito kwa miji iliyobaki. Mukaaji wa Butembo, wa Bunia, wa Kindu ao wa Kalemie iko na haki ya kuuliza ni njia gani ilichukuliwa katika muji wake. Tayari biashara zake zinabeba barabara mbaya, walinzi, na vizuizi njiani vinavyolipisha bila karatasi. Lengo linalopandishwa bila kuangalia hayo linasukuma watu wafunge duka ao wajifiche.

Upande mwingine, kodi isipoingia, jimbo pia linaumia. Katiba, kifungu cha 175, inasema majimbo yanapata 40% ya mapato ya kitaifa. Kwa kweli majimbo hayajawahi kupata hesabu hiyo kamili kwa ukawaida, na watumishi wa majimbo wanajua uchungu wake. Kwa hiyo kusema DGI isilipishe si dawa. Mutu anayelipa anapaswa kuweza kuona kilichofanywa na feza zake.

Mulipaji afanye nini

Kodi ya DGI inalipwa banki. Ajenti hapaswi kuchukua makuta mukononi dukani. Anayekuja kukagua vitabu anapaswa kuonyesha karatasi ya kazi yenye jina lake na jina la biashara inayokaguliwa. Mulipaji achunge kila karatasi ya banki. Akiona hesabu aliyopewa si sahihi, sheria inamupa njia ya kuandika malalamiko kwa ofisi ya kodi yenyewe, na akikosa haki huko, kwenda mbele ya tribinali. Atunze kopi yenye muhuri wa mapokezi, maana bila muhuri hana ushahidi kwamba aliandika.

Wabunge nao wako na kazi. Kifungu cha 173 cha Katiba kinasema hesabu kuu ya leta inaletwa bungeni kila mwaka na Cour des comptes, pamoja na maoni yake. Ni pale mubunge wa jimbo anaweza kusimama kuuliza.

Maulizo yenyewe si magumu, na chama cha wafanyabiashara kinaweza kuyapeleka kwa mukubwa wa santa ya muji wake wakati asilimia ya mwaka itatangazwa: Ukitoa madini na bei ya dola, mapato yalipanda kweli? Walipaji wapya waliandikwa wangapi? Wangapi walitoa deklarasio kwa wakati? Malalamiko mangapi yalipokelewa, na mangapi yalijibiwa? TVA ya kurudisha imebaki ngapi? Santa yenye majibu ya maulizo haya inajua kazi yake. Ile isiyoweza kujibu, hata ifikishe 110%, bado haijaonyesha kwamba imefanya kazi.