Je, Wajua? Kulala na Kufuli Kunaweza Kukwamisha Kompyuta

Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kazi moja inaweza kushika kufuli inayolinda bafa, yaani hifadhi ya muda ya data, kisha ikakuta bafa haina data. Ikilala bila kuiachia, kazi inayoleta data haitaingia, na zote mbili zitangojana bila mwisho.

Basi iachie kufuli kwanza, ndipo ilale? Hapo pana hatari iliyojificha zaidi. Katika upenyo mfupi kati ya kuachia na kulala, data inaweza kufika na ishara ya kuamsha ikatolewa wakati hakuna aliyelala. Ishara hiyo hupotea, na mlalaji huenda asiamke tena.

Kerneli ya Linux hugeuza mpangilio, na huo ndio uzuri wake. Kazi hujiandikisha kwenye foleni ya wanaosubiri na kujitangaza kuwa inalala ingali imeshika kufuli. Hukagua sharti, yaani kama data ipo; ikiwa bado haipo, huachia kufuli na kukabidhi prosesa. Mwamshaji akitokea katikati, huirudishia hali ya utayari, na usingizi haushiki.

Ikiamka, hushika kufuli upya na kukagua sharti tena, kwa kuwa mwingine anaweza kuwa ameiwahi data. Mwaka 1974 mwanasayansi wa kompyuta C.A.R. Hoare alipendekeza anayeamshwa apewe zamu papo hapo, asihitaji kukagua tena. Mwaka 1980 Butler Lampson na David Redell, wakieleza lugha ya programu ya Mesa iliyobuniwa katika kampuni ya Xerox, walishika njia nyingine: kuamshwa ni dokezo tu, si hakikisho.