Mjukuu Aambiwe Nini Bibi Asipopona?

Wasomaji wengi wananiuliza jambo moja: bibi ana saratani ya koo, madaktari wamesema haitapona, mjukuu aambiwe nini? Baadhi wameshajijibu: "Mtoto mdogo haelewi."

Anaelewa, ila kwa vipande. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Mark Speece na Sandor Brent, walipitia tafiti zilizowatangulia wakatenganisha mambo matatu katika kukielewa kifo: aliyekufa harudi, mwili wake haufanyi kazi tena, na kila aliye hai atakufa. Watoto wengi huyafahamu yote kati ya miaka 5 na 7, lakini si lazima yaje kwa pamoja. Ndiyo maana mtoto anaweza kulia msibani kwa kuwa bibi harudi, kisha akauliza kama atasikia baridi kaburini.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi mtoto anavyojitafutia sababu pale anapofichwa. Umri huo bado anaamini kwamba alichowaza au kutamka kinaweza kuleta maafa. Bibi aliyekuwa akimwita "mume wangu" ameacha utani. Ugali haupiti kooni, sasa hata uji ni taabu, na wakubwa wananong'ona. Sababu anayoiona karibu ni yeye mwenyewe: juzi alikataa kumchotea bibi maji. Hatia hiyo anaweza kuibeba asimwambie mtu.

Halafu bibi akifa, mnamwambia mtoto kwamba "amesafiri". Msafiri hurudi, basi atamsubiri. Mkisema "amelala", ataogopa kulala. Na bibi akiwa bado hai, kumkataza mtoto asile naye sahani moja ni kumwonea, kwani saratani ya koo haiambukizwi hivyo. Wala msihofu kwamba morfini ya kunywa, dawa ya maumivu, itamuua bibi. Ikitolewa kwa kipimo sahihi humtuliza maumivu, akapata nafuu ya kuongea na mjukuu wake.

Mwambie wazi: bibi anaumwa saratani, dawa hazitaiondoa, atakufa, na si wewe uliyesababisha. Mruhusu aingie chumbani, na akitaka kutoka atoke. Mwalimu wake naye ajulishwe.

Nanyi mnaouza unga wa "kuyeyusha uvimbe", mkiahidi mbele ya mtoto kwamba bibi ataamka mzima, acheni. Mnamwibia mgonjwa fedha, na mjukuu mnamwibia siku za kuagana naye. Hakuna unga unaoyeyusha saratani ya koo. Ndugu, fedha hizo mpelekeeni bibi kwenye kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, wiki hii.