Chuma kilichofichwa angani: Siri ya gesi iliyo kati ya nyota

ANGA iliyo kati ya nyota huonekana tupu, lakini sivyo. Humo mna gesi nyepesi mno, sehemu kubwa ikiwa haidrojeni, pamoja na vumbi. Je, vilivyomo hujulikanaje ilhali hakuna awezaye kufika huko kuchota kipimo?

Jibu limo katika mwanga. Mwanga wa nyota upitapo ndani ya gesi hiyo, kila elementi hufyonza rangi zake maalumu na kuacha mistari myeusi. Mahali pa mstari hutambulisha elementi. Kiasi cha mwanga uliofyonzwa hudokeza wingi wa atomi.

Mwaka wa 1904, Mjerumani Johannes Hartmann alikuwa akichunguza Mintaka, mojawapo ya nyota tatu za mshipi wa Orion, ambayo hupita karibu utosini mwa wakazi wa Ikweta. Mintaka ni nyota zaidi ya moja zinazozungukana, hivyo mistari yake huyumba huku na huko. Mstari wa kalsiamu, hata hivyo, haukuyumba pamoja na mingine. Hartmann akakata kauli kwamba kalsiamu hiyo ilikuwa ya wingu lililo njiani, si ya nyota.

Mistari ya elementi nyingi imo katika miale ya urujuanimno, ambayo huzuiwa na angahewa ya dunia. Ndiyo sababu Marekani ilirusha setilaiti ya Copernicus mnamo Agosti 1972. Vipimo vya wingu lililo mbele ya nyota ya Zeta Ophiuchi vilizua kitendawili: Ikilinganishwa na Jua, gesi hiyo haina hata sehemu moja kwa mia ya chuma kilichotarajiwa. Zinki nayo imepungua kwa kiasi kidogo kuliko chuma.

Chuma hakikupotea. Elementi zinazoganda hata katika joto jingi, kama vile chuma na kalsiamu, zimenaswa katika vumbi, ambako haziachi mistari ya aina hiyo. Anayehesabu gesi pekee ni sawa na mchuuzi anayehesabu fedha zilizo mezani na kusahau zilizo sandukuni.

Kosa hilo si dogo. Wingi wa elementi nzito hueleza ni kwa kiasi gani nyota zilizotangulia zimerutubisha galaksi. Vumbi likisahauliwa, galaksi tajiri itadhaniwa fukara. Kwa hivyo wataalamu hutegemea zinki, ambayo hunaswa kwa nadra, kama shahidi wao.

Vumbi la namna hiyo ndilo lililoiunda dunia. Chuma kilicho katika damu ya mwanadamu kiliwahi kujificha humo.